Hatua 10,000 zisiwakatishe watu tamaa ya kutembea

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie kutembea, zoezi ambalo wengi hulisifu lakini ni wachache wanaoelekezwa namna ya kulifanya. Ushauri unaorudiwa mno ni wa hatua 10,000 kwa siku. Namba hiyo haikuanzia hospitalini. Ilienea kupitia kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965 kwa jina la manpo-kei, yaani kipimo cha hatua elfu kumi. Asiyeifikia hukata tamaa, na anayeifikia kwa kujikokota kutwa nzima hudhani amemaliza kazi. Wote wawili wanastahili maelezo bora, na ningeomba hata kurasa zako za afya, kila zinapotaja idadi ya hatua, zitaje na kasi.

Kasi ndiyo inayoushughulisha moyo. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Ukitembea dakika 30 kwa siku tano, umefikia kiwango cha chini. Kwa watu wazima wengi, mwendo huo wa wastani huanzia kwenye hatua kama 100 kwa dakika. Hesabu hatua zako kwa sekunde 15: zikifika 25, upo kwenye kiwango. Asiye na saa apime kwa pumzi. Aweze kuzungumza, asiweze kuimba. Ukiimba ubeti mzima bila taabu, ongeza mwendo. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza. Wazee na wanaotoka kuugua wafuate pumzi, si namba, maana hatua 80 kwa dakika zaweza kuwa kazi ya kutosha kwao.

Si lazima dakika hizo 30 zifuatane. Mwongozo wa mwaka 2020 wa shirika hilo uliondoa sharti kwamba kila kipande kifike dakika 10. Kwa maoni yangu wakati wenye faida kubwa, na unaopuuzwa sana, ni mara baada ya chakula. Misuli inapojikunja na kujikunjua huchota sukari kwenye damu, hata pale insulini inapofanya kazi kwa udhaifu, kwa hiyo dakika 10 hadi 15 za kutembea hupunguza ule mpando wa sukari unaofuata mlo.

Kosa linalowaumiza watu huja pale wanapotaka kuongeza kasi: hutupa mguu mbali mbele. Mguu ukitua mbali na mwili, kisigino huwa breki. Goti hupokea kishindo, na misuli ya mbele ya muundi, ambayo kazi yake ni kuushusha unyayo taratibu usibamize chini, huchoka na kuanza kuuma. Fupisha hatua, uziongeze idadi. Kisigino kitue karibu, uzito uviringike hadi kidole gumba, kisha usukume ardhi kuelekea nyuma. Mwendo unatoka kwenye msukumo huo. Kunja viwiko na uipeleke mikono mbele na nyuma haraka zaidi, miguu itaifuata yenyewe. Macho yatazame mita tano au sita mbele. Vyuma vya mkononi viacheni nyumbani, vinachosha mabega bila faida ya maana.

Viatu vinunuliwe jioni, miguu ikiwa imetanuka kidogo. Kati ya kidole kirefu na ncha ya kiatu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono, na kisigino kisipwaye. Kisha kikunje kwa mikono: kipinde penye mizizi ya vidole. Kikipinda katikati, kirudishe rafuni.

Asiyezoea aanze na dakika 10 kwa siku, aongeze dakika 5 kila wiki. Wiki ya tano atakuwa kwenye 30. Maumivu chini ya kisigino, hasa kwa hatua za kwanza asubuhi, mara nyingi ni dalili kwamba utando wa unyayo umelemewa. Apunguze dakika, anyooshe mashavu ya miguu kila siku, na asitembee peku kwenye sakafu ngumu.

Kuhusu unene, tuwaambie watu ukweli. Mwenye kilo 70 akitembea haraka kwa nusu saa hutumia kalori kama 140 tu, karibu sawa na zilizomo katika kopo moja la soda la mililita 330. Bila kugusa sahani, mizani itasogea polepole mno. Hata hivyo shinikizo la damu huweza kushuka ingawa uzito haujabadilika, na hiyo peke yake ni sababu ya kutosha kuendelea.

Mwenye kisukari akague nyayo na katikati ya vidole kila anaporudi, kwa sababu ganzi huficha malengelenge hadi yawe kidonda. Anayetumia insulini abebe kitu chenye sukari mfukoni. Na yeyote anayebanwa kifua, anayepata kizunguzungu au anayeishiwa pumzi ghafla asimame hapo hapo. Dalili hizo zisipoisha ndani ya dakika chache za kupumzika, apelekwe hospitali haraka. Hata zikiisha, amwone daktari kabla ya kutembea tena.

Wako,
Mwalimu wa mazoezi ya viungo