Ungio la katikati

Ndugu yangu,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, hofu ni kwako tu. Barua yako ya mwisho ina miezi mezani bila jibu, na ninakuomba radhi kwa hilo. Hii nyumba ya umeme wa jua tunayoijengea mashindano ya vyuo imemeza siku zangu zote. Leo nimeshika kalamu kwa sababu usiku wa kuamkia jana mvua ilinyesha, na nyumba ikavuja.

Haikuvuja penye paneli wala madirishani. Ilivuja palepale nilipochora mimi, kwenye ungio la katikati.

Unakumbuka nilikueleza kwamba nyumba tunaijenga hapa chuoni, kisha tunaifungua, tunaipakia kwenye malori na kuisimamisha upya uwanja wa mashindano kwa siku chache tu. Ndiyo maana iko vipande viwili, kila kimoja na upana wa lori, vinavyokutana katikati ya paa. Kwenye karatasi mstari ule ni mwembamba kama unywele. Lakini jeki moja ya msingi ilizama kidogo udongo ulipolowa, pengine milimita tano, na kule juu silikoni ya kuzibia niliyoitegemea ikaachia. Asubuhi nikakuta maji yameshuka ukutani hadi karibu na kisanduku cha inveta, kile kinachogeuza umeme wa paneli utumike nyumbani. Mrefu alizima umeme wote, akakaa juu ya ndoo bila kusema neno. Unamjua Mrefu, kunyamaza kwake ndiko kunakotisha.

Na wiki hiyohiyo mambo mengine yote yalikwenda vizuri! Maji ya moto yalitoka kwa wakati, betri zilijaa kabla ya jua kugeuka. Nilikuwa nimeanza kulala usingizi.

Kinachoniumiza ni kwamba hasara haiishii kwenye maji. Kanuni zetu zimefuata zile za Solar Decathlon, yale mashindano ya vyuo yaliyoanza Washington mwaka 2002, yenye majaribio kumi. Mwaka 2011, kwa mfano, joto la ndani lilitakiwa likae kati ya nyuzi 22 na 24 hivi na unyevu usifike asilimia 60, huku wanafunzi wakifua nguo na kupikia wageni, halafu mwisho wa yote mita ionyeshe kwamba paneli zimezalisha angalau umeme uliotumika. Sasa weka ufa hapo. Hewa yenye unyevu inaingia, kiyoyozi kinahangaika kuikausha, na umeme tulioukusanya mchana kutwa unakwenda na hangaiko hilo. Ufa mmoja, alama zinapotea sehemu mbili tatu.

Bibi Hesabu anataka tuongeze paneli. Anatolea mfano wale wa Darmstadt, Ujerumani, walioshinda mwaka 2009 kwa nyumba iliyovikwa paneli hadi kutani, katika wiki ya mawingu na mvua. Walistahili, sibishi. Lakini paneli haizibi ufa, na kila kilo tunayoongeza juu ya paa inazidi kuikandamiza ile jeki. Tumebishana hadi mlinzi akaja kutufukuza.

Usiku huu nimerudi kuitazama nyumba ya Chuo Kikuu cha Maryland iliyoshinda mwaka 2011, WaterShed. Nayo ilikuwa sehemu mbili. Wao waliinamisha mapaa yote mawili kuelekea katikati, mvua ikashuka hapo kwa makusudi hadi kwenye bustani ya majimaji. Sisi tunapigana na maji mahali pale wao walipoyakaribisha! Nimewaza: je, nikiacha kuziba kabisa? Nijenge kingo mbili zilizoinuka pande zote za ungio, juu kofia ya bati isiyokazwa upande mmoja ili vipande vicheze, na chini yake mfereji mdogo wa kuchukua tone litakalopenya. Hewa nayo izuiwe kwa mpira uliobanwa kwa bolti, ndani zaidi, pasipofikiwa na maji. Mwalimu ameutazama mchoro, akasema "hm". Sijui hiyo hm ni ya upande gani.

Wewe ndiye umekaa na mafundi wa mashua, ukajua mbao zinavyovimba na kusinyaa. Kalafati, ile pamba ya kuziba mianya ya mbao, ingefaa hapa, au inahitaji mbao zinazokaa majini muda wote? Maana paa letu litalowa usiku na kukauka kabla ya adhuhuri. Kingo zikiinuka kimo cha vidole vinne zinatosha kwa mvua ya upepo? Na ule mpira, ukibanwa na kuachiwa mara tatu au nne za kufungua na kufunga, utarudi kwenye unene wake au utabaki umelala?

Na swali kubwa: unaweza kuja? Siku tatu tu, tutakapofungua vipande kwa mara ya mwisho kabla ya malori. Pa kulala papo. Dada yako keshapona? Ile randa yangu bado unayo? Kama unakuja, njoo nayo. Nijibu upesi, hata kwa mistari miwili, kwa sababu bati lazima nilikate wiki hii.

Mwenzako wa benchi la nyuma