Shoga, kuhusu ile safari ya Uturuki

Chumbageni, Tanga

Shoga yangu kipenzi,

Salamu nyingi wewe na wanao, na bibi mfikishie shikamoo yangu. Sisi huku wazima, joto tu ndilo linatutoa roho.

Uliniuliza kwenye simu kama uingie kundi la mwakani la Uturuki, au hela ya kikoba uitie kwenye biashara ya machungwa. Mtandao ukawa unakatakata, nami jambo lenyewe si la kujibiwa kwa mkato. Jibu langu ni uende. Ila usiende kwa ajili ya Istanbul peke yake, kama wengi wetu tulivyokwenda.

Istanbul ni nzuri, sikatai. Hagia Sophia lilimalizwa kujengwa mwaka 537, enzi za mfalme Justinian, likiwa kanisa. Mehmed II alipouteka mji mwaka 1453 akaligeuza msikiti. Karne iliyopita wakalifanya makumbusho, na tangu 2020 panaswaliwa tena. Anayekwenda kuswali anaingia chini bure. Mtalii analipa na kupandishwa roshani ya juu. Tulilipa, tukapanda kuona zile picha za kale za vigae vidogo vidogo, kisha sisi akina mama tukazunguka mlango wa chini tukaswali adhuhuri. Ukiinua macho, kuba liko zaidi ya mita 50 juu yako, nawe unajiuliza watu wa zama zile walilipandishaje bila winchi. Jirani yake kuna msikiti wa Sultan Ahmed wenye minara sita, na hatua chache kutoka hapo unashuka kwenye hodhi la maji la chini ya ardhi. Mle zimesimama nguzo 336, mbili kati yake zimekalia vichwa vya mawe vya yule Medusa wa ngano za Kigiriki. Kimoja kimepinduliwa utosi chini, kingine kimelala ubavu.

Sasa tatizo. Mjini, mwongozaji anatembea mbele na kijibendera, wewe nyuma unakimbia na viatu vinakubana. Ukitaka kusimama utazame kitu, kundi limeshapinda kona. Halafu ghafla muda unapatikana, tena wa kutosha, mkifika duka la mazulia! Hapo mnakalishwa, mnaletewa chai ya tufaha, mnakunjuliwa zulia baada ya zulia. Weka pochi yako mapajani, shoga, na mikono juu yake.

Kilichonifanya nikuandikie ni Kapadokia, eneo la katikati ya Uturuki, hiyo hiyo unayoisikia kanisani kwenye Matendo ya Mitume. Kutoka Istanbul ni zaidi ya kilomita 700. Ukishaipita Ankara, njiani unaliona ziwa la chumvi, jeupe mpaka macho yanauma. Halafu ardhi inaanza kufanya vituko.

Unazikumbuka nguzo za Isimila kule Iringa, tulikopelekwa na shule? Basi zifikirie zimejaa mabonde kwa mabonde, nyingine ndefu kuliko minazi, nyingi zimevaa jiwe jeusi kichwani kama uyoga. Mwongozaji wetu, mzee wa huko huko aliyezaliwa kwenye nyumba ya pango, alituambia chanzo chake ni volkeno, kama mlima Erciyes unaouona kwa mbali na theluji yake. Mamilioni ya miaka iliyopita zilimwaga majivu, majivu yakashikamana yakawa jiwe laini, na juu yake ikatandazwa lava ngumu. Mvua na upepo vikala lile laini. Penye kofia ya jiwe gumu, nguzo ikabaki. Kofia ikianguka, nguzo nayo inaanza kuisha.

Lakini tofauti na Isimila, hizi watu walizitoboa wakaweka milango. Jiwe lile ukilikata linakubali patasi, likishapigwa na hewa linakuwa gumu. Kwa hiyo wakachimba nyumba, mazizi, makanisa. Göreme kuna kanisa wanaliita la Giza: madirisha yake ni haba, na kwa kukosa mwanga rangi za picha za ukutani zimebaki kana kwamba fundi kaondoka juzi. Wakristo wa Kigiriki waliendelea kuishi maeneo yale mpaka mwaka 1923, Uturuki na Ugiriki zilipobadilishana watu, wakafungashwa wakaondoka. Mzee alilisema hilo kwa ufupi, akanyamaza, akatupeleka mbele.

Derinkuyu ndiko nilikotetemeka. Ni mji mzima chini ya ardhi, unashuka kama mita 85, ingawa mgeni haoneshwi kote. Njia zake nyembamba, unapita umeinama, ukikutana na kundi linalopanda mmoja lazima arudi nyuma. Wenyeji walikuwa wakijificha humo wakati wa vita vya Waarabu na Wabizanti, yaani dola ya Kirumi ya mashariki iliyotawala kule zamani, na mifugo yao, visima vyao, na matundu ya kuvuta hewa. Mlango ni jiwe la mviringo mfano wa jiwe la kusagia, linaviringishwa kwa ndani. Aliye nje hana pa kulishika. Mwenye kuogopa sehemu za kubana asijaribu, na wewe nakujua, lifti ya ghorofa nne tu inakutoa jasho.

Ila kilichonikumbusha wewe hasa ni Ortahisar. Pale miamba imechimbwa maghala, na ndani yake wanaweka malimau! Yanaletwa kwa malori kutoka pwani ya Mediterania, yanapangwa kwenye makasha, yanakaa miezi bila kuoza, kwa kuwa mwamba hauruhusu joto la nje kuingia. Hakuna umeme wa friji wala nini. Nikafikiria machungwa ya Muheza yanavyorundikwa barabarani msimu ukikolea, mpaka mnunuzi anakutajia bei ya kukutukana. Sisemi twende tukatoboe Usambara. Nasema ungeyaona mwenyewe ungeuliza maswali ambayo mimi mwalimu wa hesabu sikuyajua, na mzee yule angefurahi, maana wengine wote walikuwa wanamuuliza habari za maputo tu, yale makubwa ya hewa moto yanayobeba watalii angani.

Maputo yenyewe ndiyo, yanapaa alfajiri, yakiruhusiwa. Upepo ukizidi hakuna anayeruka, hata kama ulishalipa. Mimi niliyatazama nikiwa juu ya paa la hoteli na kikombe cha chai, na sikuona nimepungukiwa.

Mji wa Konya tulipita tu, tukazuru kaburi la Maulana Rumi, yule mshairi wa Kisufi aliyefariki mwaka 1273. Pale walitupitisha mbio mno, nikakasirika.

Kwa hiyo ukimpigia mwandaaji, mwambie kundi lilale Kapadokia usiku zaidi ya mmoja, hata kama Istanbul itapunguzwa. Sweta nzito ni lazima, kule ni juu na asubuhi kuna baridi ya Lushoto mara mbili. Pasi yako nadhani inakaribia kuisha, ianze mapema. Na ukiamua, niambie kabla ya kikao cha Jumapili nimweleze mweka hazina, asije akaigawa hela yako kwa mkopaji mwingine.

Wako,
shoga yako wa Chumbageni