Subira ninayo, hesabu sina: nisomee nini?

Anti, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 23, naishi Korogwe. Kidato cha nne nilipata daraja la tatu: Kiswahili B, Historia C, Hisabati F. Najua kwenye F hiyo tuko wengi, maana ndilo somo linaloangusha watahiniwa kuliko yote, na kufaulu kwenyewe kunaanzia alama 30 tu.

Baba mdogo ndiye aliyenilea, na ndiye atakayelipa ada. Amefungua kibanda cha uwakala wa fedha za simu, akaniweka mimi. Mchana sina shida. Wazee wananipenda, kuna bibi ambaye ujumbe wa pesa za mwanawe lazima nimsomee mara tatu nne ndipo aondoke, na sichoki. Kasheshe ni jioni, wakati wa kufunga hesabu. Taslimu ya kwenye droo ukijumlisha na floti iliyobaki kwenye simu, ilingane na mtaji. Nikipiga mara ya kwanza napata hivi, ya pili vile, mpaka mdogo wangu wa darasa la sita anakuja kunisaidia huku anacheka. Dawa ya baba mdogo ni nikasomee uhasibu, eti nitaizoea. Anasema kwa mapenzi, ndiyo maana nashindwa kumkatalia.

Nikimwambia mimi ni mtu wa subira, ananijibu subira si fani. Lakini kuna fundi cherehani jirani yetu, nguo iliyoshonwa vibaya ananiletea mimi niifumue. Nakaa na wembe, uzi mmoja mmoja, kitenge kinatoka bila tundu. Futi kamba hainitishi: kiuno ni inchi 32, naiona pale pale, sijumlishi na kitu. Kwa hiyo VETA nikasomee ushonaji? Naogopa kitu kimoja. Huyo fundi anavyokaa akikadiria vitambaa, bei na madeni ya wateja, naona kama ni kibanda kile kile, kimewekewa cherehani tu.

Mawazo yangu mengine ni utunzaji wa kumbukumbu, Chuo cha Utumishi wa Umma, maana tawi la Tanga lipo karibu. Masjala nako kuna namba za faili, lakini hizo hazijumlishwi, zinapangwa. Au ukutubi, yaani kazi ya maktaba, kule Bagamoyo. Uuguzi nimeufuta mwenyewe: dozi na dripu ni hesabu tupu, na pale ukikosea hakuna mdogo wa darasa la sita wa kuja kukusaidia.

Naomba wasomaji mnaofanya kazi masjala au maktaba mniambie siku yenu inakwendaje hasa, na kama vyeti hivi vinaajirika nje ya serikali, maana ajira za serikali tunajua foleni yake. Nanyi mafundi: je, mtu anaweza kuajiriwa kushona tu, hesabu za duka akafanya mwingine?

Na wewe Anti, nisaidie namna ya kulisema hili kwa baba mdogo. Ameshaanza kuulizia ada za vyuo vya uhasibu, nami kila akinionyesha karatasi naitikia tu "sawa, baba".

Binti wa Korogwe