Somo la jana lisidharauliwe

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo nimelisoma mara nyingi magazetini na kulisikia redioni, kwamba kukariri ni elimu ya kasuku, na kwamba mtu mwenye akili timamu hana haja ya kurudia neno moja mara mia. Sibishani na wanaotaka watoto wetu waelewe wanachokisoma, kwani mimi pia ni mzazi. Ninachokipinga ni kule kuitupa njia nzima ya kurudiarudia, kana kwamba umahiri humshukia mtu usingizini, ilhali kwa mtu mzima aliyejiwekea lengo na mwenye kazi na familia ya kulea, mimi sijaona njia nyingine iliyomfikisha.

Kazi yangu ni ushonaji wa kanzu na umri wangu ni miaka 54. Huu ni mwaka wa nne tangu nianze kuhifadhi Qur'ani. Utotoni, katika chuo cha Qur'ani, niliishia Juzuu Amma, ya mwisho kati ya juzuu (sehemu) thelathini za Qur'ani, yenye zile sura 37 za mwisho, kisha maisha yakanichukua. Niliporudi ukubwani nilirudi kwa pupa. Ilikuwa mwezi wa Rajabu, nami nilitaka niwe nimemaliza juzuu mbili mpya kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama, nikawa nameza kurasa mbili kila usiku. Nikazimaliza, nikafurahi. Ramadhani ilipoingia, oda za kanzu za Idi zikanifunga kwenye cherehani mpaka usiku wa manane, nami nikajiambia kwamba nilichokwisha kukihifadhi ni changu, hakihitaji kuangaliwa. Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, nilipoketi mbele ya mwalimu kumsikilizisha kwa moyo niliyoyahifadhi, sikuvuka ukurasa wa pili. Mwalimu wangu ni binti wa rika la mwanangu wa pili. Hakunicheka wala hakunihurumia. Aliniambia, "Mama, turudi mwanzo, na safari hii nusu ukurasa." Nikamjibu, "Sawa, mwalimu," ingawa moyoni niliona aibu, kwa sababu nusu ukurasa niliiona kuwa kipimo cha watoto.

Nilipofika nyumbani nikapiga hesabu kwa chaki ile ile ninayochoria vitambaa. Msahafu ninaousomea, wa chapa ya Madina, una kurasa 604. Kwa nusu ukurasa kila siku zinahitajika siku 1,208, na kwa kuwa Ijumaa hatuchukui somo jipya, safari nzima ni ya takriban miaka minne. Miaka minne ilinitisha, mpaka nilipojiuliza kama miaka hiyo ingenisubiri iwapo nisingeanza.

Naomba niueleze utaratibu wenyewe, maana ndani yake ndimo ilimo hoja yangu. Nusu ukurasa huo kwanza namsomea mwalimu huku naangalia, asahihishe matamshi, ndipo niruhusiwe kuuhifadhi. Baada ya sala ya Alfajiri nausoma mara ishirini kwa kuangalia, kisha kwa moyo mpaka usikwame, na mchana nausoma tena katika sala za sunna. Ule uliotangulia, pamoja na yote ya siku saba zilizopita, unaunganishwa na huo mpya. Juu ya hayo kuna kudurusu yale ya zamani, juzuu moja kila siku kwa zamu, ambayo huchukua zaidi ya nusu saa. Msomaji ataona kwamba sehemu kubwa ya muda wangu haiendi kwenye somo jipya hata kidogo. Inakwenda kwenye masomo ya jana, ya mwezi uliopita na ya mwaka juzi, na hiyo ndiyo sehemu ambayo wengi wetu tukijiwekea malengo hatuipangii hata dakika tano.

Wanaosema kwamba kurudia ni kazi isiyohitaji akili hawajapambana na aya zinazofanana. Kisa cha Nabii Musa kulipiga jiwe kwa fimbo zikatoka chemchemi kumi na mbili kimo katika Al-Baqara, na kimo pia katika Al-A'raf. Katika sura ya kwanza neno la kutoka kwa maji ni "fanfajarat", katika ya pili ni "fanbajasat". Asiyekuwa macho huingia kwa mlango wa sura moja akatokea kwa mlango wa nyingine, na hajui kwamba amepotea mpaka asimamishwe. Kila ninaporudia nalazimika kuzipambanua, na katika kuzipambanua ndipo nilipoanza kuuliza tofauti ya maana zake, swali ambalo nisingelifikia kama ningepita pale mara moja tu.

Hapa nakubali jambo moja wanalolisema wapinzani wa kukariri: anayerudia kosa hulikomaza kosa. Ndiyo maana nusu ukurasa wangu huanzia kwa mwalimu. Ulimi wetu wa Kiswahili una tabia ya kuilainisha qaf ikawa kaf, na katika Kiarabu hilo si dogo, kwani "qalb" ni moyo na "kalb" ni mbwa. Kuna herufi nilizojifunza vibaya nikiwa na miaka saba, na kuzing'oa kumenichukua muda mrefu kuliko kuhifadhi sura mpya. Kwa hiyo nikisema mazoezi namaanisha mazoezi yenye mtu wa kuyasikiliza na kuyasahihisha, na anayejizoeza peke yake bila wa kumwambia amekosea namwonea huruma.

Katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) alimfananisha mwenye Qur'ani na mwenye ngamia aliyefungwa kamba, ambaye akimwangalia hubaki naye na akimwachia huenda zake. Karne nyingi baadaye, mwaka 1885, Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, akaona kwamba mtu hupoteza mengi mara tu baada ya kujifunza, kisha upotevu hupungua kasi, na kwamba marudio yaliyotawanywa kwa siku kadhaa hufaa kuliko yaliyorundikwa siku moja. Niliposomewa habari hiyo nilizikumbuka zile kurasa zangu mbili za kila usiku wa Rajabu.

Dukani kwangu nayaona hayo hayo. Vijana wanaokuja kujifunza hutaka kukata kanzu nzima wiki ya kwanza. Nikiwapa mabaki ya vitambaa washone kola, waifumue, waishone tena, baadhi huondoka kabla ya miezi miwili wakisema sifundishi. Nao wameuona mfano mezani, kwa sababu kofia ya viua ninayowaonyesha, iliyoshonwa kwa sindano na wanawake wa hapa hapa Unguja, ni tundu lile lile dogo lililorudiwa maelfu ya mara kwa miezi, na tundu la mwisho limenyooka kuliko la kwanza.

Ombi langu, Mhariri, ni kwa wanaoendesha masomo ya watu wazima, yawe ya dini, ya lugha, ya hesabu za biashara au ya kompyuta. Mwanangu alisoma Kiingereza miezi mitatu katika darasa la jioni ambalo kila siku lilifungua mada mpya na halikurudi nyuma hata mara moja. Alitoka na cheti na daftari lililojaa, lakini alipokutana na mgeni aliyemwuliza njia, maneno hayakumjia. Simlaumu kwa uvivu, kwa sababu hakukosa siku. Ningependa kila kipindi kianze kwa somo lililopita, mwanafunzi asimame alitoe kwa kinywa chake au kwa mikono yake, na la jipya lipunguzwe mpaka muda huo upatikane, hata kama mada zitakazotangazwa kwenye bango zitakuwa chache. Gazeti lako nalo, ambalo kila Januari huandika juu ya malengo ya mwaka mpya, litusaidie kwa kuwatafuta, mwezi wa saba au wa tisa, watu walioendelea, na kuwauliza wanafanya nini saa ngapi.

Mimi nimefika juzuu kumi na sita. Wiki hii mwalimu amenizuia kuchukua somo jipya mpaka Al-A'raf inyooke, nami nimekubali. Barua hii naiandika Ijumaa, na baada ya sala ya Alasiri nakwenda kumsikilizisha.

Wako mtiifu,
Fundi wa kanzu,
Ng'ambo, Zanzibar