Kwa vijana mnaofundisha tuisheni majumbani Mombasa

Wanangu, kuanzia Kisauni hadi Likoni, assalamu alaikum, na msio Waislamu nawaamkua kwa heri.

Mimi ni mwalimu wa hesabu mstaafu. Wajukuu zangu sasa wanafundishwa na nyinyi, na mzee akikaa barazani husikia mengi.

Mzazi akikuuliza umesomea wapi, usijipambe. Mwambie ulipofika, somo unalolimudu na usilolimudu. Kama cheti cha ualimu huna, sema huna. Mji huu ni mdogo, utajulikana tu. Na hata hicho cheti, ukishaketi mezani na mtoto, hakitakufaa kama daftari lake la zamani.

Liombe hilo daftari kabla hujafungua kitabu chako. Wengi wenu mnaanzia pale darasa lilipofika juma hili, na mtoto alipotea miaka miwili nyuma. Analia na aljebra, kumbe hakuelewa sehemu. Mpe ajumlishe nusu na thuluthi. Akiandika 2/5, amejumlisha ya juu na ya juu, ya chini na ya chini. Usikimbilie kalamu nyekundu. Muulize: ulikuwa na nusu chapati, ukaongezwa, imekuwaje sasa una chini ya nusu?

Halafu nyamaza. Hapo ndipo pagumu, maana mama yuko jikoni ametega sikio, na wewe wataka isikike kwamba unafundisha. Mwache mtoto ajikune kichwa. Akishaona mwenyewe kwamba jibu lake halikai, ndipo mkate ile chapati vipande sita: nusu ni vitatu, thuluthi ni viwili, jumla vitano kati ya sita. Mtoto aliyefika hapo kwa kukuna kichwa hasahau upesi. Aliyepewa kanuni ya kukariri atarudi na 2/5 ile ile baada ya Idi.

Kwenye grafu, mna bahari mlangoni. Mtoto wa Mtongwe anajua bamvua, maji yanapojaa sana, na maji mafu, yanapojaa kidogo, kabla hajasikia mambo ya mihimili. Mwambie aandike saa ya maji kujaa kwa juma zima, kisha achore. Ataona kila siku yanachelewa kwa takriban dakika 50, na mstari utampandia wenyewe. Vitabu vingi hupenda joto la miji ambayo mtoto hajawahi kuiona. Sijapata kuelewa kwa nini.

Muda nao. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ilikataza wanafunzi kuwekewa tuisheni ya likizo, na uchovu mnaujua wenyewe. Mtoto ametoka shule, ameenda madrasa, amesali Magharibi, ndio wewe unabisha hodi. Saa moja yatosha. Mzazi akitaka mbili, mkatalie kwa adabu, hata kama pesa unazihitaji.

KCPE, ule mtihani wa kumaliza darasa la nane, ya mwisho ilifanywa 2023, lakini bado kuna wazazi watakaokuuliza mtoto wao amekuwa nambari ngapi. Msibishane nao. Wafungulieni daftari, muwaoneshe kosa alilokuwa akilifanya Februari na kwamba Juni halipo tena.

Nanyi wazazi, najua mnasoma pia: mlipeni mwalimu mwisho wa mwezi, asiwe wa kuwapigia simu.