Kuhusu huyo Denard wako

Sahibu yangu,

Salamu nyingi. Barua yako nimeisoma, nikacheka, kisha nikanuna. Ati Bob Denard alikuwa dume? Haya, tusemezane.

Mamluki yule wa Kifaransa alishapita Katanga, Yemen na Biafra kabla ya kutia mguu Komoro. Mwaka 1975 Ahmed Abdallah, rais wa kwanza wa visiwa hivyo, alipinduliwa hata mwezi haujatimia tangu atangaze uhuru, na Denard akaletwa kwenda kumkamata kisiwani Nzwani, kwa faida ya Ali Soilih, kiongozi wa mapinduzi hayo. Mei 1978 akatokea tena baharini usiku na watu wapatao 50, akamng'oa Soilih huyohuyo na kumrudishia kiti Abdallah, yule aliyemkamata mwenyewe! Mwezi haukwisha, Soilih akauawa. Huo ndio udume? Mimi namwona mtu wa swali moja tu: nani analipa?

Kinachonikera hasa ni miaka 11 iliyofuata. Alisilimu, akajiita Said Mustapha Mahdjoub, akaoa hukohuko. Ungemkuta barabarani Moroni, mji mkuu, ungemdhani mwenyeji aliyezaliwa mweupe kwa bahati mbaya. Lakini Kikosi cha Ulinzi wa Rais alichokiongoza, ambacho ndicho kilichokuwa dola yenyewe, kililipwa na makaburu wa Afrika Kusini, waliokuwa wakitafuta kichochoro cha kukwepea vikwazo. Yaani nchi ina bendera yake Umoja wa Mataifa, halafu anayelinda mlango wa rais wake anapokea mshahara kutoka Pretoria. Abdallah alijiona ameajiri mlinzi; kwa macho yangu, yeye ndiye aliyekuwa mpangaji ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Novemba 1989 Abdallah akapigwa risasi ikulu, Denard akiwamo chumbani. Mahakama ya Ufaransa ilimwachia baadaye, nami sina ushahidi wa kuipinga. Ila mlinzi gani huyo?

Mwaka 1995, mzee wa miaka 66, akarudi na boti za mpira, akamteka Rais Djohar. Safari hii Ufaransa, iliyomfumbia macho miaka yote hiyo, ikatuma wanajeshi wakamzoa. Alifia kwao mwaka 2007, akiwa amepoteza kumbukumbu.

Wewe umeniandikia kurasa mbili za Denard, Soilih hujamtaja hata mara moja. Nijibu, lakini safari hii anza na huyo.

Wako wa siku zote.