Tuchome mapema Mlima Moroto

Ndugu Mhariri,

Februari usiku, ukiwa Moroto mjini, utaona mstari mwekundu ukipanda mlimani. Wafugaji huchoma nyasi kavu ili majani mabichi yachipue, na siwalaumu. Miti mingi ya nyikani ina gome nene, ikiungua huchipua tena. Mtarakwa, mwerezi wa kule juu mlimani, sivyo: gome lake jembamba, ukiungua umekufa, na mche wake hukua polepole mno.

Basi tuchome Novemba, nyasi zikiwa bado na unyevu, moto utambae chini. Maafisa wa misitu wakae na wazee wa wafugaji wa Kikaramojong mapema, wapange siku na mipaka. Kukataza tu hakusaidii. Mtu huwasha kwa siri akakimbia, na moto ule hauna mchungaji.

Mkazi wa Moroto, Uganda